Pingu za Mzee Sudi na Mkono wa Mama Mkwe

Jamani, leo nimeadhirika. Na watu walioshuhudia niliwaita mwenyewe, kwa spika, tangu juzi, kuanzia Katubuka hadi Ujiji sokoni.

Naandika mapema ili mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa watu wenye chumvi nyingi. Ingawa leo hata asiye na chumvi atawatosha.

Kwa wageni wa kundi hili: mimi ni Yusto, dalali wa minada. Kwa kawaida nauza makochi, majiko na vitanda. Tangu wakimbizi waanze kuvuka tena kwa wingi, mji umejaa watu wa mashirika. Wanakuja kwa mikataba mifupi, wanaondoka, vitanda vinabaki, Yusto anavinadi. Kazi haina maajabu.

Mnada wa leo ulikuwa na maajabu. Mzee Sudi wa Bangwe, aliyekuwa na boti ziwani miaka mingi, alifariki mwaka jana akaacha chumba kizima cha vitu vya kale. Visu vya kila namna, majambia, dira, saa ya ukutani iliyotoka kwenye meli, kofia ya chuma ya askari wa vita vya zamani, magobore mawili. Mjane wake, Bibi Mwajuma, anahamia kwa binti yake Tabora. Aliniambia, "Mwanangu, hayo madude yauze. Nimechoka kupangusa vumbi kwenye bunduki."

Bunduki ni bunduki hata kama babu yako ndiye aliyeitumia mwisho, na siku hizi mkoani kwetu silaha ikionekana nje inataka maelezo. Kwa hiyo nilifuata taratibu zote. Magobore yalikaguliwa, yakatolewa vifaa vya kufyatulia, ikaelezwa kwamba mnunuzi hachukui kitu mpaka awe na kibali. Leo akaja Afande Rehema kukaa nayo pembeni, kwenye kiti chake, akiwa ameyaegemeza ukutani kama watoto waliofukuzwa darasani.

Sasa jambo la pili, maana bila hili hamtaona ukubwa wa msiba wangu. Jumamosi hii wazee wangu wanapanda Kalinzi kupeleka posa kwa kina Editha. Editha mnamjua, yule nesi. Tatizo ni mama yake. Mama Editha ni mkulima wa kahawa, haongei sana, na madalali hawapendi. Alimwambia binti yake hivi: "Mtu anayeishi kwa kupiga kelele, nyumbani atanyamaza saa ngapi?"

Nilikuwa sijawahi kuongea naye. Nilimwona mara moja tu, msibani, kwa mbali. Na baba yangu mdogo alishaniasa: mama mkwe huheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono, humsogelei, hukai naye mkeka mmoja. Nikamwambia hilo dogo. (Nilisema hivyo kweli. "Hilo dogo.")

Basi. Mnada umeanza asubuhi uani kwa Bibi Mwajuma. Watu wamejaa. Watumishi wa serikali, wafanyabiashara wa Ujiji, wavuvi waliokuja kutazama tu. Mbele kabisa amekaa Bwana Lyimo wa halmashauri, aliyehamishwa huku kutoka Moshi, mpenzi mkubwa wa visu. Ukimpa kisu cha kale anakinusa kabla ya kukitazama.

Nikaamua kuwachangamsha. Nikaivaa ile kofia ya chuma. Kofia yenyewe ilitengenezwa kwa kichwa kikubwa kuliko changu, ikateremka mpaka puani. Watu wakacheka. Nikaona nimepatia. (Dalali akichekwa huwa anadhani anapendwa.) Nikaiacha hukohuko puani, nikainua pingu za chuma za enzi za mkoloni.

"Zinafunga kweli hizo?" Bwana Lyimo akauliza. "Au ni urembo?"

Mtu wa busara angejibu, "Sijui." Mimi nikajifunga moja mkono wa kushoto. Kach. Ikashika vizuri.

"Nani anajaribu ya pili?" nikauliza.

Chini ya ukingo wa kofia nilikuwa naona meza tu, pale nilipopanga visu. Mara nikaona mkono unakuja mezani. Nikajua nimepata wa kujitolea. Nikaudaka. Kach.

"Mmeona?" nikasema. "Hicho ndicho chuma. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Nikainua kofia.

Mwisho wa mnyororo alikuwa mama yake Editha.

Alivaa kitenge chake kizuri na viatu vya safari. Ananitazama. Miguu yangu ilitaka kuondoka, lakini mkono ulikuwa umefungwa kwa mama mkwe.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Yusto?"

"Ndiyo mama."

"Nilikuwa nashika kisu," akasema taratibu. "Sikuwa natafuta pingu."

Nikamwita Bibi Mwajuma, nikamwomba ufunguo. Akashangaa. "Ufunguo gani? Sudi alizinunua hivyohivyo." Afande Rehema akaja na wa kwake, akaujaribu kila upande, tundu lilikuwa kubwa, ufunguo unacheza ndani kama kijiko kwenye sufuria. Akampigia fundi wa mageti. Fundi yuko Ujiji, amebeba kazi ya watu, atakuja akimaliza.

"Kaeni kwa utulivu," afande akatuambia, sauti ya kikazi kabisa, lakini mabega yanamtikisika.

Watu hawakutaka kuondoka. Nani aondoke. Nikamwomba mama radhi mpaka maneno yakaniishia. Akasema, "Endelea na kazi yako. Usinivute tu."

Nikaendelea. Mnajua ninavyonadi, mikono haitulii. Leo kila nilipomnyooshea mteja kidole cha kushoto, mkono wa mama ulikwenda nao. Saa ya meli tukaiuza wote wawili. Dira tukaiuza wote wawili. Kwa mbali tulionekana kama watu wanaoongoza kwaya.

Kisha kikafika kisu chenyewe, kile alichokuwa anakishika. Hakikuwa na uzuri. Kimeliwa na tupa, mpini umezungushiwa waya wa shaba. Nikavuta pumzi nikaanza: "Kisu cha shujaa, kisu cha kivita, kisu kilichoona mapambano..."

"Yusto," mama akanong'ona. "Hicho kilikuwa kinakata majani ya ndizi. Ni cha baba yangu."

Nikakishusha kisu mezani. Akanieleza hapohapo, kwa sauti ndogo, mimi na yeye tumekaribiana kama wanaoambizana siri. Walipokimbia Burundi mara ile ya kwanza, alikuwa mtoto mdogo. Walivushwa kwa boti usiku. Baba yake hakuwa na cha kumpa mwenye boti, Mzee Sudi, isipokuwa kisu hicho. Alipotangaziwa kwamba kuna mnada wa vitu vya Mzee Sudi, aliteremka kutoka Kalinzi kuangalia tu kama kipo. Ule waya wa mpini aliuzungusha baba yake mwenyewe, yeye akimshikia mshumaa.

Sasa dalali hana ruhusa ya kumpendelea mtu. Vitu ni vya mjane. Nikatangaza kisu, safari hii bila mashujaa. Bwana Lyimo akainua mkono. Mama akainua wake. Na wangu ukapanda.

Lyimo akaongeza. Mama akaongeza. Nami nikaongeza, sina hiari.

"Ngoja kwanza," Lyimo akasema. "Dalali anapandisha bei mwenyewe."

"Si mimi," nikasema, mkono uko juu. "Ni mama."

Uani wote ukaangua kicheko. Mama hakucheka. Nilimwona anahesabu kwa midomo, na nikajua bei imeanza kumzidi. Hapo ndipo nilipotamani fundi asije, dunia iishe, mradi Lyimo ashushe mkono.

Bibi Mwajuma ndiye aliyesimama. Alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwetu, akasikia. Akaja mpaka mezani akamuuliza mama, "Baba yako alikuwa mtu mrefu, mwenye kigugumizi?"

"Ego," mama akajibu. Ndiyo.

"Sudi alikataa kisu chake. Mtu amebeba watoto, utamdai nini? Asubuhi akakikuta kwenye boti, kimeachwa chini ya ubao. Miaka yote akakinoa, akasema mwenyewe huenda akapita." Akakichukua, akampa mama kwa mikono miwili. "Hiki hakiuzwi. Samahani kwa kuchelewa."

Lyimo akateremsha mkono. Akavua na miwani, akaanza kuifuta. Mama akapokea kisu kwa mkono uliokuwa huru, akainua ule mwingine kufuta macho, na mkono wangu ukaenda nao. Nikajikuta kidogo nimfute mimi.

Ningependa kisa kiishie hapo. Ningekuwa nimeaibika kwa heshima.

Tukakaa kidogo. Fundi hajatokea. Mama akaniinamia. "Mwanangu, nataka kwenda uani."

Nikamjibu, "Mama, tuko uani hapa."

Akanitazama. Nikaelewa. Jasho likanitoka mpaka kwenye vidole vya miguu.

Choo cha Bibi Mwajuma kiko kwenye kona, ukuta wa tofali, mlango wa bati. Mnyororo wa pingu ni mfupi. Tukatembea mpaka pale, umati umegeuza shingo. Mama akaingia. Mlango ukafungwa mpaka ulipokutana na kiwiko changu. Mimi nje, nimegeukia ziwa, kofia ya chuma nimeirudisha machoni kwa hiari yangu. Mkono wangu mmoja ndani, umelegea kama si wangu. Baba mdogo aliniambia hukai naye mkeka mmoja. Kuhusu hili hakuniambia kitu.

"Yusto," sauti ikatoka ndani.

"Naam mama."

"Mbona kimya?"

"Nanyamaza kwa heshima, mama."

"Usinyamaze. Nadi."

"Ninadi nini, mama?"

"Chochote. Kwa nguvu."

Basi nikanadi. Nilinadi gobore. Afande Rehema aliliinua kule alikokuwa, watu wakageuza viti, na mimi nikiwa nimebandikwa kwenye mlango wa choo nikalinadi gobore lile kama sijawahi kunadi kitu maishani. Nikalisifia mtutu. Nikalisifia kitako. Nikawaambia limetulia, halina fujo, linafaa ukutani sebuleni au mapokezi ya hoteli. Bei ikapanda. Ikapanda tena. Nilipotaka kupumua kidogo, kutoka ndani nikasikia:

"Ongeza sauti."

Wakasikia wote. Kuna mzee mmoja wa Ujiji aliteremka kwenye kiti akakaa chini kabisa, akashika mbavu.

Nikaongeza sauti. Bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni akataja bei ambayo hakuna aliyeifikia. "Mara ya kwanza," nikasema. "Mara ya pili. Limekwenda!" Watu wakalipuka kwa makofi, wengine wamesimama, wengine wanapiga vigelegele.

Sekunde hiyohiyo mlango wa bati ukafunguka.

Mama Editha akatokea. Akasimama pale, kisu cha baba yake mkononi, mama mkwe wangu mtarajiwa, mtu asiyependa kelele, akipigiwa makofi na vigelegele na Bangwe nzima kwa kutoka chooni.

Makofi yakafa moja moja. Sikuthubutu kumtazama. Nilianza kuwapanga kichwani wazee watakaokwenda Kalinzi kuomba msamaha badala ya kuposa.

Kisha nikaona mnyororo unatikisika. Unatikisika kweli. Nikainua kofia. Mama alikuwa anacheka. Anacheka bila sauti, amejikunja, machozi yanamtiririka, ameshika ukuta. Editha naye hucheka hivyohivyo, pumzi tupu na mabega; kumbe hakuutoa mbali mtindo huo.

Bibi Mwajuma akaja mbio akidhani mama anaumwa. Alipoona ni kicheko, akautazama mkono wa mama uliokuwa kwenye pingu. "Mbona mwembamba huu? Hebu tujaribu mawese." Akaleta bakuli kutoka jikoni, akampaka mpaka kwenye kiwiko, akavuta kidogo, akazungusha. Mkono ukachomoka.

"Bibi," nikasema, "muda wote huu mawese yalikuwepo jikoni?"

"Hamkuniuliza."

Mimi mkono wangu mnene uligoma. Nilinadi vitu vilivyobaki nikiwa na pingu inayoning'inia, mpaka fundi alipofika na msumeno wa chuma. Lakini kwa kweli nilikuwa nimepumua. Ningeweza kukaa nayo mwezi mzima.

Mama aliondoka kwa bodaboda ya kurudi Kalinzi, kisu kimefungwa kwenye khanga aliyopewa na Bibi Mwajuma. Kabla hajapanda aliniita, nikasimama mbali, kwa adabu, mikono nyuma.

"Jumamosi," akasema, "waambie wazee wako wawahi. Mchana kule kwetu mvua inanyesha, barabara inateleza."

Akapanda, akaenda zake. Nimekaa kwenye jiwe pale nje nikayarudia maneno hayo kichwani kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani mara ya tatu ili ahakikishe ni jina lake.

Editha amenipigia jioni. Nimesikia pumzi za kicheko kilekile cha mama yake tu, na simu kuanguka.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, enyi marafiki: chekeni leo, mmalize kabisa. Jumamosi nitawahitaji mkiwa na suti na nyuso za watu wazima.