Ijumaa Tunashuti Ndovu

Jumatatu, 9 Juni

Leo Madam Ngina ametugawa vikundi vya watatu watatu. Kila kikundi kitengeneze filamu ya dakika tano. Wazo ni moja, mkubaliane wenyewe, mlilete Ijumaa saa nne. Mwenye wazo ndiye dairekta.

Nimewekwa na Daisy, na Sylus. Sylus! Chuo kizima, Voi yote, nikapewa Sylus! Huyu ndiye yule mwenye stendi ya kamera ya miguu mitatu, anaibeba hata akienda kunawa mikono. Kila kitu kwake ni fremu. Juzi alisema chapati ya kantini haina fremu.

Daisy hana maneno mengi. Anapiga picha vitu visivyo na maana kwa simu yake. Leo amepiga ndoo.

Shida yangu ni hii. Jana kabla ya kanisa Nyanya aliniuliza kozi inaendeleaje. Ni kozi yangu ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mabomba, ya pili ya kinyozi, zote tuliachana kwa amani. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa, sauti yake imechoka. Nikashindwa kumwambia bado sijafanya lolote. Nikamwambia mimi ndiye dairekta.

Kufikia saa sita kwaya yote ya akina mama wa Mbololo ilikuwa na habari. Leo jioni ameniambia amepeleka kitambaa kwa fundi. Anashonewa gauni la kuja kuona filamu ya mjukuu wake.

Kwa hivyo lazima wazo langu lipite. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya Nyanya Penina, aliyenilea tangu nikiwa na miaka mitatu. Haya, kidogo ni kwa ajili yangu.

Wazo lenyewe: Ndovu wa Kisasi. Ndovu anapoteza mkewe, anaingia Voi mjini kulipiza. Kijana mmoja mtanashati anamzuia kwa macho tu. Nitaigiza mimi.

Jumanne, 10 Juni

Tumekutana kwa kibanda cha chai karibu na stesheni. Wazo la Sylus: mtu ameketi kwenye benchi dakika tano, hafanyi chochote. Akasema huo ni ukimya. Nikamwambia huo ni uvivu. Daisy akasema yeye bado anaangalia angalia.

Nikapendekeza kura ya siri, kwa kofia yangu. Nikajitolea kuhesabu.

Kura zikatoka sita. Tuko watatu.

Nne za Ndovu wa Kisasi, moja ya ukimya, na moja ilikuwa mchoro wa ndoo. Sylus akauliza mbona zile nne zina mwandiko mmoja. Nikasema watu wa hapa tulifundishwa kuandika na mwalimu mmoja. Daisy alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Mwishowe Sylus akasema sawa, kama nitapata ndovu wa kweli kufikia Ijumaa, atanipigia kura kwa mikono miwili. Alisema akinitazama kama mtu anayeongea na mtoto. Subiri tu, Sylus. Mimi nimezaliwa hapa, ndovu ni majirani zangu.

Jumatano, 11 Juni

Kazi imekwisha! Wengine wanazungumza fremu, wengine tunapiga simu.

Nilipata namba ya ranchi moja kule Ndara. Akashika mzee mwenye sauti nzito. Nikamwamkia vizuri, shikamoo na kila kitu. Nikamweleza sisi ni vijana watatu, Ijumaa asubuhi tunataka kuja kushuti ndovu. Mkubwa, mwenye pembe ndefu. Kama ana mtoto, tushuti na mtoto pia. Mashine ni yetu wenyewe, ya miguu mitatu. Nikamtoa wasiwasi kwamba tutafanya haraka na ndovu hatasikia chochote.

Kimya. Alikuwa ameguswa, nadhani.

Halafu akaniuliza jina langu. Akauliza tena. Akauliza nakaa wapi. Nikampa yote: Hillary, Mbololo, kwa Nyanya Penina, nyumba ya mabati ya kijani ukipita kanisa. Akasema nisihangaike kwenda popote, watakuja wenyewe kesho. Nikamshukuru sana. Huduma kama hii hupati ofisi nyingine yoyote.

Nimemwambia Nyanya tutapata wageni wa wanyamapori. Akaongeza maharagwe na kuanza kumenya muhogo wa kimanga, ule wa kupondwa pamoja na maharagwe. Akauliza kama dairekta anaweza kuchota maji. Nimechota mitungi minne.

Alhamisi, 12 Juni

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Niliwaita Sylus na Daisy waje washuhudie. Saa tisa gari la kijani likasimama langoni. Wakashuka askari watatu wa wanyamapori. Mkubwa wao, Afande Bernard, akauliza Hillary ni nani. Nikainua mkono, natabasamu. Akauliza iko wapi hiyo mashine. Nikamwonyesha stendi ya Sylus, ambayo Sylus alikuwa ameifunga kwa shuka isiingie vumbi.

Sylus akaambiwa alale chini. Nakiri, ile nusu dakika niliifurahia.

Halafu na mimi nikaambiwa nilale.

Nikajaribu kueleza. Kila nilipotamka kushuti, mambo yakazidi kuharibika. Nyanya akatoka jikoni na mwiko wake, akauliza mtoto amefanya nini. Afande akamwambia, kwa heshima, kwamba mjukuu wake amepanga kushuti ndovu. Na mtoto wake.

Nyanya akaketi kwenye kizingiti, akacheka mpaka akafuta machozi na leso. Akawaambia Krismasi moja jogoo alipotakiwa kuchinjwa, huyu Hillary alijifungia naye chooni kutwa nzima, na sikukuu hiyo watu walikula maharagwe. Huyu ndiye wa kuua ndovu? Akawaambia nikiona siafu nawapisha njia. Akawaambia na mengine ambayo siyaandiki, Daisy alikuwepo.

Afande akaanza kucheka. Nyanya akaamuru kila mtu ainuke, anawe, ale. Kimanga kikaisha chote, askari mmoja akakwangua sufuria.

Wakati wa kuondoka Afande alinivuta kando. Akasema sehemu hizi kushuti ni neno baya, watu wanasikia bunduki; nitumie kupiga. Akanikaririsha mara tatu kama mtoto wa chekechea. Naliandika hapa nisisahau: KUPIGA, SI KUSHUTI.

Nikawasindikiza Sylus na Daisy mpaka barabarani. Njia nzima nilimweleza Sylus kwamba haya yote yalikuwa sehemu ya mpango. Daisy alibaki nyuma, karibu na lango, na simu yake, anapiga sijui nini. Ndoo, bila shaka.

Sina ndovu. Kesho ni Ijumaa. Gauni linakamilika Jumamosi.

Ijumaa, 13 Juni

Saa nne Madam Ngina akaita kikundi chetu. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Nikaanza kusema ndovu wetu amechelewa njiani.

Daisy akainua mkono, akasema ana kitu. Akaunganisha simu yake na ile televisheni ya darasani.

Ilikuwa ile njia yetu ya jana jioni. Mimi mbele, narusha mikono, namfundisha Sylus maisha. Nyuma yetu, langoni, karibu kabisa na simu, Nyanya. Ameinua leso anapunga. Sisi tunakwenda, yeye anapunga. Tumepita mparachichi, bado anapunga. Tumeingia kona, hatuonekani tena, na leso bado iko juu.

Sikugeuka hata mara moja.

Daisy akasema alipokuwa anasaidia vyombo alimsikia Nyanya akieleza. Kila asubuhi nikienda chuo husimama pale na kupunga mpaka nifike kona. Macho yake siku hizi hayafiki hata kwenye mparachichi, lakini anaujua mwendo wangu, anajua nitachukua muda gani. Hawezi kushusha mkono mapema, kwa sababu labda siku hiyo nitageuka.

Miaka mingapi? Tangu darasa la kwanza. Mimi huwa nimechelewa, nakimbia, mandazi mdomoni. Sikujua. Haki ya nani, sikujua.

 Sylus hakutaja fremu. Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini kwamba wazo ndilo hilo, na tupige kura. Mikono ikainuka mitatu, ya watu watatu. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni, lakini niliinua.

Daisy ndiye dairekta. Sylus ni wa kamera. Kazi yangu ni kushika waya, kisha kutembea, kufika kona, na kugeuka.

Nilirudi nyumbani nikaketi karibu na Nyanya, nikamwambia ukweli. Mimi si dairekta, na sikuwa hata ile siku niliyosema. Akaendelea kuchambua mchele. Akasema alijua tangu Jumatatu, Madam Ngina huimba naye kwaya. Nikamuuliza mbona basi alipeleka kitambaa kwa fundi. Akasema nilikuwa na raha sana, akaona aniache. Halafu akasema gauni limeshakatwa, atalivaa, na anakuja kuniangalia mimi, hata kama nimeshika waya tu.

Nampenda sana huyu mama. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia ataniuliza nimevunja nini.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nimetumwa sukari. Nilipofika kona nikageuka. Alikuwa pale, leso juu. Nikapunga, nikakumbuka haoni, nikapiga kelele kwamba nimegeuka. Akajibu kwa kelele kwamba niharakishe, chai inapoa. Nilitembea mpaka dukani natabasamu peke yangu, na nikasahau sukari.

Tunaanza Jumatatu. Daisy ameniomba jambo moja dogo tu: niwaarifu majirani wasipige kelele. Amempata mtu sahihi. Baada ya Alhamisi mimi najua kuchagua maneno. Nimeandika ujumbe, nikaukagua mara mbili, hakuna kushuti hata moja. Nimeutuma kwa grupu la kijiji, kwa kwaya, na kwa chifu:

“Majirani wapendwa. Jumatatu saa mbili asubuhi tutampiga Nyanya Penina pale langoni. Tumekubaliana sisi vijana watatu, na mwenyewe hana neno. Tutampiga mara kadhaa mpaka itoke vizuri. Mkimsikia analia msije, tunataka alie kidogo. Tafadhali fungeni mbwa. Ni mimi Hillary, mjukuu.”

Safi kabisa. Hata Afande Bernard angenipa mkono.

Chifu amepiga simu mara tano. Sijashika, nilikuwa najitengenezea kitambulisho cha kuvaa shingoni: DAIREKTA MSAIDIZI. Nadhani anatafuta nafasi ya kuigiza. Mwenyekiti wa kwaya naye amejibu kwamba akina mama wote wanakuja Jumatatu, saa moja kamili, na kila mmoja atakuja na mwiko wake. Sikujua watu wa Mbololo wanapenda sanaa hivi. Nimemwambia Nyanya aandae kimanga kingi.