Macho Makavu Hadi Ndegeni

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeapa. Mbele ya familia nzima, mkate ukiwa bado mdomoni, nimeapa kwamba Jumamosi nitaondoka kwenda masomoni ng'ambo bila kudondosha chozi. Hata moja!

Wa kulaumiwa ni Theluji. Theluji ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Miaka minne iliyopita alikwenda kusoma nchi za baridi, akarudi baada ya muhula mmoja tu na skafu shingoni, na tangu hapo kila mazungumzo lazima yapitie kwenye theluji. Siku ile ya kuondoka alilia uwanja wa ndege mpaka akakaa sakafuni na kumkumbatia Bibi miguu. Askari wawili ndio waliomnyanyua. Kisa hicho nimekisimulia kwenye kila mkusanyiko wa familia, tena kwa kuigiza na sauti. Leo amekuja kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba zamu yangu imefika na kwamba atakuja uwanjani na simu iliyojaa chaji.

Tumekubaliana hivi. Nikilia, sitaigiza tena kilio chake maisha yangu yote. Nisipolia, atakisimulia mwenyewe mbele ya watu, na miguu ya Bibi asiiruke. Bibi amesema yuko tayari kutoa ushahidi.

Sina wasiwasi wowote. Nimefunga begi. Nimelifungua. Nimelifunga. Nimekaa, nimesimama, nimelifungua tena kuangalia kama soksi zipo. Zipo.

Jumanne, 2 Septemba

Dawa nimeipata! Machozi ni kama maji ya tangi. Ukiyamaliza leo, Jumamosi bomba litatoa hewa tu. Nikachukua kikapu kizima cha vitunguu, nikajifungia jikoni, nikamenya na kukatakata. Mafanikio makubwa. Yalitiririka mpaka shingoni.

Ila komeo la mlango wa jikoni ni bovu. Mama akaingia, akanikuta nimeinama juu ya ubao, macho yamevimba. Mama ni fundi cherehani, tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Akaivua, akanikumbatia, akasema anajua, anajua, hata yeye usingizi hauji. Nikamwambia ni vitunguu. Akasema ndiyo, mwanangu, ni vitunguu, kwa ile sauti ya kumbembelezea mgonjwa.

Kufika alasiri mtaa mzima unajua kwamba binti wa fundi analia kutwa. Shangazi kapiga simu kunipa pole. Nyuma yake nilimsikia Theluji akicheka. Nimemtumia picha ya vitunguu iwe ushahidi. Amejibu kwamba yeye alisingizia vumbi.

Sasa tutakula vitunguu mpaka niondoke.

Jumatano, 3 Septemba

Nimegundua Theluji alikosea wapi. Aliwaaga watu wote kwa mkupuo! Mimi nitaaga kwa awamu, mmoja mmoja, kidogo kidogo, ili Jumamosi kusibaki kitu.

Nimeanza na Baba kwa sababu maneno yake ni machache. Nilimkuta karakana, kichwa kiko nyuma ya friji la mteja. Hakugeuka. Akanyoosha mkono na kunipa tochi nimmulikie. Kazi hiyo ni yangu tangu nikiwa darasa la pili. Nikasema Baba, nimekuja kukuaga. Akasema nishike vizuri, mwanga unacheza. Kweli ulikuwa unacheza. Friji lilipoanza kunguruma akauliza Jumatatu tochi atashika nani. Hata hakuuliza kwa huzuni. Aliuliza tu kama fundi anayepanga kazi zake.

Nikasema nimeacha bomba wazi nyumbani, nikatoka mbio. Sikulia. Nilitembea haraka nikitazama juu, basi, mpaka nikagonga mlingoti wa umeme.

Bibi naye kagoma. Amesema haagwi akiwa kitandani, yeye si mgonjwa. Gauni la kuvaa uwanja wa ndege ameshalifua, liko kwenye kamba. Nimelitazama hilo gauni likipepea nikaona awamu zimefia hapo.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimetumia akili kubwa zaidi. Watu walionuniana hawaliliani. Kwa hiyo lazima nigombane na Mama, ugomvi wa haja, udumu mpaka Jumamosi mchana.

Sababu ilikuwepo. Mama ananishonea koti la baridi. Hajawahi kushona koti la namna hiyo. Ndani ametia blanketi. Hakunipima, hajawahi kunipima tangu nizaliwe, hunitazama tu mara moja nikipita na mkasi unaanza kazi. Nikasimama mlangoni, nikamwambia mifuko ya koti ni mikubwa mno, inatosha kubebea paka, watu watanicheka huko. Nikajikaza kungoja ghadhabu ya Mama. Huyu ni mama ambaye aliwahi kumfukuza mteja mpaka barabarani kwa neno moja tu kuhusu kola.

Wapi! Alivaa miwani, akachukua wembe, akaanza kufumua mifuko, uzi baada ya uzi. Akapunguza, akashona, akaniuliza kama sasa inafaa. Nikakaza roho, nikasema bado mikubwa. Akafumua tena.

Jioni nilikuwa nimejifungia bafuni, maji nimeyafungulia yote ili kelele zisisikike. Haihesabiki! Tulikubaliana uwanja wa ndege, si bafuni.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kicheko cha Theluji hakinisumbui kiasi hicho. Ninachoogopa ni kwamba nikianza kulia pale mlangoni sitaweza kuingia. Nitageuka, nitarudi garini na Mama, nitasema nitakwenda mwakani. Nafasi hii ya masomo haina mwakani. Theluji alinyanyuliwa na askari akaingia, lakini mimi najijua, mimi ni mzito kuliko Theluji.

Ijumaa, 5 Septemba

Suluhisho! Ajabu sikulifikiria mapema. Kama hakuna wa kuniaga, hakuna wa kumlilia.

Ndege inaondoka kesho saa nane mchana. Nyumbani nimesema ni saa kumi na mbili jioni. Wao wamekodi gari, watatoka saa saba mchana, wote na vitafunio. Mimi saa tatu asubuhi niko njiani, kimya kimya. Wakifika uwanjani niko mawinguni nakunywa juisi. Nitawapigia nikishatua, nitaomba radhi, na hasira ikiwa mbali hivyo haiumi.

Tatizo lilikuwa begi. Nimesema nalipeleka kwa muuza nafaka likapimwe kilo kwenye mizani yake. Kumbe nalipeleka kwa dereva teksi wa pale njia panda! Nimempanga vizuri: kesho asubuhi anichukue, na asimwambie mtu yeyote. Akauliza kama Mama anajua. Nikamwambia ni siri. Akakuna kichwa, akasema suruali zake zote anashonewa na Mama. Nikamwambia suruali hazihusiani na safari. Akakubali. Mtu makini sana, anajua kazi yake.

Jioni Theluji kaja kunionyesha kwamba simu yake imejaa chaji. Nimemwonea huruma. Kesho atapiga picha ya viti vitupu.

Siwezi kukaa. Nimefagia chumba ambacho kilikuwa kimefagiliwa.

Jumamosi, 6 Septemba. Ndegeni

Mwandiko umepinda, lakini ni ndege inayotikisika.

Asubuhi nilisema nakwenda kulifuata begi kwa muuza nafaka. Mama akaniletea koti, akasema nilivae, huenda mvua ikanyesha. Jua lilikuwa linawaka! Sikubisha, nilihitaji koti. Baba akaacha chai yake, akanyanyuka, akanishika mkono kama mkurugenzi anayempokea mgeni. Hajawahi kunishika mkono nikienda kwa muuza nafaka. Bibi alikuwa tayari ndani ya lile gauni, na viatu. Nikajisemea wazee hupenda kujiandaa mapema.

Teksi ilikwenda mwendo wa jongoo. Kila mara dereva alitazama kioo cha nyuma na kupunguza mwendo tena. Nilimhimiza, akasema usalama kwanza.

Uwanjani mambo yalikwenda barabara. Begi limepokelewa, hati imegongwa muhuri, macho makavu. Ushindi! Kule mlangoni kijana mmoja alikuwa bado amezungukwa na watu wake wote, hakuna aliyekuwa akimsikiliza mwenzake, na mama yake akawa anamnyoosha kola. Nikagusa kola yangu. Ilikuwa imekaa upande. Nikainyoosha mwenyewe, ikarudi upande.

Nikakaa. Nikasimama. Nikawaza kwamba sasa hivi nyumbani Mama anapanga vitafunio ndani ya ndoo, anahesabu viti vya gari, anamwambia Bibi asubiri kidogo. Watakuja mpaka huku. Watatafuta uso wangu katika watu wote hawa. Wazo hilo lilinipiga mahali ambapo vitunguu havikuwahi kufika. Nilitaka kumpigia Mama simu pale pale, nikakumbuka kwamba rasmi niko kwa muuza nafaka.

Simu ikalia. Ni Mama.

"Mwanangu, geuka nyuma."

Nikageuka. Nyuma ya kioo kikubwa cha wasindikizaji walikuwa wamejipanga wote. Bibi na gauni lake, mbele kabisa. Shangazi. Theluji na simu juu. Baba alikuwa ameinua ile tochi ya karakana na kuimulika kuelekea kwangu, mchana kweupe, ili nisiwapoteze machoni.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka kwamba sakafu ilikuwa ya baridi, na kwamba nilikuwa nimeikalia. Nakumbuka askari wawili.

"Mfuko wa kushoto," Mama akasema simuni.

Nikatia mkono. Ndani kulikuwa na kitambaa cha kujifutia, kimeshikizwa kwa uzi kwenye bitana, vile vile alivyokuwa akinishonea kwenye sare ya chekechea ili nisikipoteze. Kumbe mara zote alizofumua na kushona alikuwa anakishikiza upya.

"Jifute. Haya, sasa ingia, wanafunga mlango. Sisi tuko hapa hapa."

Nikajifuta, nikaingia. Nilitembea kinyumenyume mpaka kwenye kona, na tochi ilikuwa bado inawaka.

Nimelia mpaka juisi ilipoletwa.

Jumanne, 9 Septemba. Ng'ambo

Chumba ni kidogo, dirisha linatazama ukuta. Darasani nimekaa kiti cha mwisho na nimeelewa nusu. Baridi ni kali, lakini koti linanitosha kama ngozi yangu mwenyewe, na mtu mmoja ameniuliza nimelinunua duka gani. Nimesema haliagizwi hivi hivi.

Habari kubwa ni hii: picha za video za Theluji hazina kitu! Zinaonyesha vigae vya sakafu, viatu vyake, halafu kwa muda mrefu sauti ya mtu anayelia kwa kwikwi. Ni yeye! Kalia tena! Shangazi anasema alimshika Bibi bega, afadhali safari hii. Kwa hiyo hakuna ushahidi wowote dhidi yangu. Nimewaandikia kwamba nilikuwa nimekaa chini kufunga kamba za viatu na kwamba namsubiri Theluji atimize ahadi. Theluji ameuliza viatu visivyo na kamba hufungwaje. Nimepuuza.

Mama ameuliza kama kitambaa kimetumika. Nimesema hapana, kiko kama alivyokiweka. Amesema basi nikifue kwa sabuni ya kipande, na nisikate uzi.

Nimefikiri sana nani alinichongea. Ni Theluji tu. Atakuwa amechunguza ratiba ya ndege. Siku nyingine sitamwachia mwanya.

Na siku nyingine nimeshaipanga. Mama nimemwambia nitafika likizo ya Juni, tarehe ishirini. Nitatua tarehe kumi na nane! Hakuna kioo, hakuna tochi, hakuna mtu wa kuniona uso nikiwaona. Nitagonga mlango nikiwa nimeshatulia. Jana nilimwandikia yule dereva teksi, mtu pekee aliyenitunzia siri, aje kunipokea na asimwambie yeyote. Amejibu leo asubuhi. Amesema hakuna shida kabisa, ngoja tu amuulize Mama siku hiyo watakuja watu wangapi.