Foleni Yangu Ilikuwa Ndefu Kuliko ya Philister

Jumatatu, 29 Septemba
Siku njema! Kumbe namhudumia mtu mkubwa. Miezi mitatu naenda Plymouth, mji wa jirani, kumwogesha mzee Ratnasekara na kumpa dawa zake, nikidhani ni babu tu kutoka Sri Lanka anayeishi kwa binti yake. Kumbe alikuwa mbunge! Vipindi vitano. Aliingia bungeni akiwa na miaka ishirini na tisa, akahama chama mara mbili, akawa naibu waziri wa uvuvi na hajui kuogelea. Hii si bahati, ni mpango wa Mungu. Jumamosi nagombea uenyekiti wa chama cha Wakenya wa Richfield, mji wetu hapa Amerika. Mpinzani wangu ni Philister, nesi, mwanamke wa tabasamu nyingi. Miaka kumi na miwili niko hapa na watu wananiita Gilbert tu. Nataka mama yangu kule Nyamira asikie naitwa Mwenyekiti. Nataka sana.

Jumatano, 1 Oktoba
Nimemwuliza Mheshimiwa (ndivyo ninavyomwita sasa) alishindaje mara tano. Akasema alikwenda nyumba kwa nyumba, akanywa chai, akanyamaza, akasikiliza shida za watu. Rahisi! Jioni nimeingia nyumba sita. Chai vikombe tisa. Wote nimewaeleza mipango yangu kwa kina. Kwa akina Francis niliongea mpaka wakaanza kufagia sebule. Wamevutiwa. Kerubo, mke wangu, anasema wenyeji wangu wote wamempigia simu kumpa pole. Wivu wa kisiasa huo, umeanza mapema.

Ijumaa, 3 Oktoba
Ubongo huu! Tunapiga kura kwa mlolongo: mgombea anasimama, wafuasi wanapanga foleni nyuma yake, wanahesabiwa. Basi nimeelewana na Eric, rafiki yangu atakayeongoza shughuli, nisimame mbele ya meza ya chakula. Kerubo anapika pilau, sufuria mbili. Harufu itanifanyia kampeni. Nimemsimulia Mheshimiwa. Akasema mwaka aliopoteza kiti, watu walikula kwake asubuhi, mchana wakampigia kura mwingine. Nikamwambia huenda chakula kilikosa chumvi. Ameomba kuja kujionea. Binti yake amekubali.

Jumamosi, 4 Oktoba
Ukumbi wa kanisa ulijaa. Eric akatangaza mlolongo. Watu wakanusa, wakaja kwangu! Nilihesabu arobaini na mmoja. Philister alikuwa na tisa, wote wa kwaya yake. Machozi yalinitoka, nakiri. Nikapunga mkono.

Kisha Philister akaona watoto wanalia njaa. Akaacha foleni yake, akazunguka nyuma ya meza, akafunua sufuria, akaanza kupakua. Foleni yangu ikasonga. Walinipita mmoja mmoja, wengine wakiniomba nisogee kidogo, wakachukua sahani, wakasimama upande wake kula. Kerubo naye! Mama Dinah, msimamizi wa uchaguzi, akawahesabu pale pale walipokuwa. Philister, arobaini na tisa. Mimi wawili: Eric, na Mheshimiwa aliyekuja na mkongojo wake kusimama nami. Mheshimiwa si mwanachama, kura yake ikafutwa.

Iliniuma. Mama yangu alipiga simu kuuliza matokeo. Nikamwambia kura bado zinahesabiwa.

Jumatatu, 6 Oktoba
Leo Mheshimiwa ameniambia kwamba aliposhindwa, alizunguka kwa kila aliyemnyima kura, akashukuru, akauliza alikosea wapi. Uchaguzi uliofuata akarudi bungeni. Akanituma niende kwa Philister nikafanye vivyo hivyo. Nimeenda. Nimemshukuru kwa mikono miwili. Nilipokosea sikuuliza, kwa sababu sikukosea. Philister amesema chama kinahitaji mtu mwenye bidii kama mimi, akaniteua mwenyekiti wa kamati ya chakula.

Mwenyekiti! Nimempigia mama nikiwa bado mlangoni kwa Philister. Kamati sikuitaja. Mama amepiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, naye akawaambia mwanawe anaongoza Wakenya wa Amerika. Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Uchaguzi mwingine ni mwakani. Kasoro ya Jumamosi nimeshaigundua: pilau mtu yeyote anaweza kupakua. Mwakani ni mbuzi wa kuchoma, na kisu nitashika mimi.