Dizeli au Petroli, Mama Kanini?

Ndambuki alimwona Mama Kanini kabla mama huyo hajamaliza kuvuka barabara. Mwanamke wa makamo, kiondo begani, viatu vya kanisani, macho kwenye malori. Mjini Machakos, mwaka huo wa 1999, aliyetazama lori namna hiyo alikuwa na pesa au alikuwa mwizi, na mwizi havai viatu vya kanisani.

Mungu amsamehe, broka huyu alizihitaji pesa hizo. Alikuwa amemuuza ng'ombe wa mamake kimyakimya ili anunue malori mawili chakavu mnadani. Mamake alikuwa Ekalakala akimlea mjukuu, na angerudi Jumapili. Ilikuwa lazima lori moja liuzwe na ng'ombe mwingine aingie zizini kabla mama hajashuka kwenye gari.

Lori moja lilikuwa la dizeli na lilitoa moshi hata kwa kutazamwa. La pili lilikuwa la petroli, na kiu yake ilikuwa ya aibu. Ndambuki alilitibu la kwanza kwa oili nzito iliyozuia moshi kwa siku moja, na la pili kwa rangi. Hila yake ilikuwa rahisi. Mteja akisita mbele ya hili, yeye mwenyewe alilisema vibaya na kumsogeza kwa lile, na mteja akadhani hatimaye amekutana na broka mkweli.

Mama Kanini alisema anaanza biashara ndogo ya kubeba mawe ya kujengea, ila hajui achukue dizeli au petroli. Ndambuki akakohoa kama mhubiri. Alieleza kwamba dizeli ina nguvu mlimani na haimalizi mtu kwenye pampu, lakini ikiharibika utauza shamba. Petroli nayo huwaka asubuhi bila kubembelezwa, lakini ukiipandisha Kangundo na mzigo utalia.

"Sasa mwaitu, wewe chagua," alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba. "Mimi siwezi kukudanganya."

"Siwezi kuchagua na maneno," alijibu Mama Kanini. "Niko na mawe Katelembo, inaenda Kangundo. Wacha nione kila lori ikibeba."

Hiyo ilikuwa haki yake. Kwa mabroka wa pale, lori lilijaribiwa kwa mzigo, na mafuta ya kujaribu yalikuwa ya muuzaji.

Dizeli ilipanda vizuri, Mama Kanini akaisifu, akaomba kuona petroli. Petroli nayo ikapanda, lakini akataka kujua dizeli itafanyaje mvua ikinyesha. Mvua ikanyesha. Halafu akataka petroli ibebe mchanga, maana mchanga si mawe. Kila asubuhi Ndambuki alitia oili nzito upya na kujaza tangi, na kila alipoanza kununa, mama alinong'ona kwamba huenda akachukua yote mawili. Hapo uchovu wote ulimtoka.

Jumamosi, wakishusha mzigo Kangundo, mzee wa kanisa aitwaye Musyoka alimpa Ndambuki mkono na kumshukuru. Alisema kanisa lilimpa Mama Kanini kazi ya kusafirisha mawe na mchanga wa jengo lao jipya kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko ya wote, tena ana malori mawili. Walikuwa wamemlipa safari ya mwisho ya mawe asubuhi hiyo.

Ndambuki aliuachia mkono wa mzee na kwenda kumtafuta mama huyo. Alimkuta Mama Kanini kando ya ukuta mpya wa kanisa, akila ndizi.

"Mwaitu, chagua leo," alimsihi. "Mama anarudi kesho, na hizi lori nilinunua na pesa ya ng'ombe yake."

Mama Kanini alimhurumia kweli. Alimpa ndizi moja.

"Nimechagua, mwanangu. Dizeli ni nzuri, petroli pia ni nzuri. Lakini kwa biashara ndogo kama yangu, mafuta mzuri ni ya mtu mwingine."

Ilimuuma hadi machozi yakamlengalenga. Kisha, kwa kuwa alijua kazi safi akiiona, akacheka. Aliuliza kama angalau kuna kazi ya kubeba mabati. Mama Kanini akasema ipo, ila aje na lori lake, na asisahau kujaza tangi.