Kampeni ya Kurudisha Wimbo wa Taa

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoka sinema. Nina hasira. Wameitengeneza upya Binti wa Kengele, filamu ya katuni niliyokua nayo, na wameiharibu vibaya sana. Bundi hakohoi! Yule wa zamani alikohoa kila alipotaka kudanganya, nasi nyumba nzima tukakohoa naye. Huyu mpya ana meno. Bundi na meno wapi na wapi? Shangazi mchawi siku hizi ni mtu mwema, eti ana sababu zake. Na wimbo wa mwisho, ule wa taa, wameufyeka wote! Binti anashuka kutoka mnarani, mlango unafunguka, anaolewa na kijana mwenye farasi, kwaherini.

Watoto waliokaa mbele yangu wakapiga makofi. Nikawaambia hawajui wanachokosa. Mama yao akaniomba nikae chini.

Niseme ukweli hapa, maana shajara haina mdomo. Nilikwenda kwa ajili ya ule wimbo tu. Baba alikuwa akituimbia mimi na Dada, kwa sababu kanda yetu ya video ilikuwa na balaa lake: Baba Mdogo aliichukua bila kuuliza akarekodi harusi ya Shangazi yetu juu yake. Kila binti alipofika kwenye ngazi ya juu kabisa, paa! Shangazi anakata keki. Baba anazima upesi. Anatuambia yeye aliiona filamu nzima kwenye ukumbi wa sinema, mwisho wake anaujua, halafu anaimba. "Shuka mwanangu, shuka taratibu, taa ninayo mimi." Ubeti wa kwanza ninao wote. Wa pili umenitoka kabisa. Baba hayupo tena nikamwulize. Dada yupo, ila mimi na Dada hatusemezani.

Kosa ni lake. Baada ya msiba alichukua deki ya video bila kunishauri. Mimi nikachukua kanda. Sasa yeye ana deki isiyo na kanda, mimi nina kanda isiyo na deki, na kila mmoja anamsubiri mwenzake apige magoti. Atasubiri sana.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata njia ya kuupata wimbo bila kumbembeleza mtu! Kwenye simu kuna kundi letu, Wana wa Kengele, la watu wazima wanaoipenda ile filamu ya zamani. Mwenyekiti ni daktari wa meno. Mbele ya watu namwita Mheshimiwa Daktari, kwa kuwa kochi la wagonjwa wake liko karakana kwangu nalibadilisha sponji. Humu ndani namwita Gego.

Asubuhi nimetangaza kampeni: Rudisheni Wimbo wa Taa! Nikaeleza jinsi tulivyoibiwa utoto wetu. Nikaweka na alama za machozi. Kufika mchana kundi linawaka moto. Mwalimu wa chekechea anasema wimbo huo uliimbwa siku ya mahafali yake. Fundi bomba anasema hadi leo akiona taa ya mafuta anaanza kuupiga mluzi. Mwingine kaapa kwamba palikuwa na filimbi.

Nikauliza, kwa ujanja, kama mtu anao ubeti wa pili. Wote wanaukumbuka! Hakuna mwenye maneno yake.

Gego peke yake kauliza wimbo gani huo. Wivu unamla. Nimeamua kochi lake lisubiri.

Alhamisi, 6 Juni

Usiku nimewaza: harusi ya Shangazi haikuwa ndefu kihivyo. Huenda baada ya harusi filamu inaendelea, na wimbo uko palepale, salama. Sisi hatukuwahi kuona, Baba alikuwa anazima keki ikitokea tu. Akili hii sijui huwa naificha wapi!

Fundi redio wa mtaa wa pili ana deki ya kale anayoweka chai juu yake. Nikamwomba, akaondoa chai, tukaweka kanda.

Binti akapanda ngazi. Shangazi akakata keki. Watu wakacheza. Kidole cha Baba Mdogo kikaziba picha muda mrefu tu. Halafu akapita Baba! Kijana, shati limemtoka kwenye suruali, kabeba viti viwili kichwani. Akageuka, akatuona, akacheka. Nilimwambia fundi huyo ni baba yangu. Fundi akasema tumefanana masikio. Nikaomba arudishe nyuma nimwone tena.

Hapo ndipo deki ilipoitafuna kanda. Ilianza kukoroma, ikanyamaza, ikatema utepe kama tambi. Fundi akalaumu chai.

Nimeketi karakana na utepe wote mapajani. Nilikuwa na Baba mmoja tu anayetembea, naye nimempeleka mwenyewe kwenye meno ya mashine. Dada akijua ataniua, na hatakuwa amekosea. Nimeuosha utepe kwa maji ya vuguvugu na kuuanika kwa vibanio vya nguo juu ya kochi la Gego. Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 7 Juni

Gego ametangaza kwa mbwembwe kwamba ameipata filamu ya zamani, nzima, safi, haina mkwaruzo. Kesho ataionyesha kwenye chumba chake cha kusubiria wagonjwa. Anasema kampeni ni nzuri, ila bora wote tuusikie huo wimbo kwanza.

Nilijisikia vibaya kwa kumchukia. Hilo likapita. Nikampigia simu nikamweleza kwamba kochi haliwezi kuwa tayari kesho, wageni watakaa sakafuni, ila fundi akipewa moyo anaweza kufanya miujiza. Akauliza moyo gani. Nikasema wimbo ukifika, niongoze mimi kuimba, nimesimama mbele. Akakubali upesi mno. Sikupenda alivyokubali.

Nimeshinda nikigongelea misumari na kupaka gundi. Lakini moyoni nina sherehe. Kesho nausikia ubeti wa pili! Dada abaki na deki yake aifuge.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu! Aibu tupu! Naandika nimejifungia.

Watu walijaa. Kochi likapendeza, hata Gego akasifu. Filamu ikaanza, na sote tukakohoa na bundi, watu wazima na suruali zetu. Mwalimu wa chekechea alilia tangu jina la filamu. Niliyajua maneno yote, na kila neno lilikuja na chumba chetu cha zamani, mkeka wetu, harufu ya sabuni mikononi mwa Baba. Nilitamani isiishe.

Binti akafika kwenye ngazi ya juu. Nikasimama mbele, nikasafisha koo, nikainua mkono.

Mlango ukafunguka. Akaolewa na kijana mwenye farasi.

Majina yakapita. Mimi bado nimesimama na mkono juu.

Hakuna taa. Hakuna wimbo. Na la kunimaliza kabisa, baba yake binti alikufa mwanzoni mwa filamu, dakika za kwanza kabisa, nilimwona kwa macho yangu miaka yote ile na sikuwahi kujiuliza nani basi angemshikia taa. Nikatazama watu wangu. Mwalimu wa chekechea anatafuta kitu mkobani. Fundi bomba anachunguza dari. Gego akasema kwa upole, na upole wake ndio uliochoma, kwamba kumbukumbu hutuchezea sote. Kisha akataka kuinuka, akashindwa, maana gundi ilikuwa haijakauka. Walimvuta wawili. Suruali ikabaki na alama mbaya.

Sikucheka. Hapo ndipo watu watajua hali yangu ilivyokuwa.

Kwa hiyo ule wimbo ni wa nani? Kama haumo kwenye filamu, sina tena pa kuutafuta. Ubeti wa pili umekwenda na Baba.

Jumapili, 9 Juni

Dada amekuja! Mwenyewe, kwa miguu yake, karakana kwangu. Binti yake, kumbe yumo kundini, alimwonyesha kampeni yangu kwenye simu, tangu Jumanne wanaifuata kama mchezo wa redio. Akaingia bila hodi, akauona utepe unaning'inia kutoka ukuta hadi ukuta. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni urembo wa mapazia. Akausogelea, akatambua ni ile kanda yetu. Nikasubiri kufa.

Akaketi kwenye gunia la sponji akacheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka, sikuweza kutofautisha. Nikamsimulia Baba na viti viwili kichwani. Akanifanya nirudie pale alipogeuka kucheka. Nikarudia mara nyingi.

Kisha akaniambia mimi ni mjinga, alivyokuwa akiniambia zamani. Wimbo aliutunga Baba. Sinema hakuwahi kwenda, nauli tu ilikuwa shida. Aliona watoto wawili wanalia kwa sababu ya keki ya Shangazi, akaanza kuimba chochote kilichomjia. Dada alijua siku zote. Alikuwa mkubwa, aliulizwa na Baba mwenyewe kama mwisho unafaa.

Nikameza kiburi changu chote, nacho si kidogo, nikamwuliza ubeti wa pili.

Dada akanitazama kwa huruma. Akasema mimi sikuusahau. Sikuwahi kuusikia! Nilikuwa nalala kila mara kwenye ubeti wa kwanza. Wa pili Baba aliuimba koridoni, amenibeba kwenda kunilaza, Dada nyuma yake na ndala zangu mkononi. Asubuhi naamka nikidai nimeuona mwisho wote.

Akaniimbia palepale, kati ya misumari na vitambaa:

"Na Mzee Mfupi huyu hapa, amelala begani.
Msimwamshe, msimwamshe, mwisho nitamwambia kesho."

Mzee Mfupi ni mimi. Zaidi ya Baba, hakuna mwingine duniani aliyeniita hivyo. Nililia mbele ya dada yangu, kwa sauti, mtu mzima mwenye leseni ya biashara. Alinipa kitambaa cha kufutia machozi, kumbe ni cha kochi la mteja.

Kabla ya kuondoka akanitaka niwaombe radhi Wana wa Kengele, niseme ukweli, niachane na uongo, na Gego nimheshimu. Nikaapa. Akasema Jumapili ijayo niende kwake kula. Deki tutaiweka katikati ya meza tuitazame hivyohivyo, haina kanda.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka mwepesi. Nimekaa kuandika radhi kwa kundi kama nilivyoapa. Nilianza vizuri. Nikakiri kwamba wimbo haumo kwenye nakala ya Mheshimiwa Daktari.

Lile neno nakala likanipa mawazo.

Nikaongeza kwamba nakala ziko za aina nyingi. Nikaongeza kwamba kuna mtu wa kuaminika, jina lake silitaji, aliyeusikia wimbo huo kwa masikio yake, ukiimbwa na mwenyewe aliyeutunga. Ambayo ni kweli tupu! Ubeti wa pili sikuwapa. Ule ni wetu wawili, hata wangenilipa. Ila kundi lilinyamaza mno, nikaogopa wataondoka, nikawaambia upo wa tatu.

Hakuna wa tatu.

Mwalimu wa chekechea ameukumbuka kabla ya saa nne. Fundi bomba amesema huo ndio hasa aliokuwa akiusema tangu mwanzo. Na sasa hivi ameandika Gego, mwenyekiti, msomi, mwenye suruali mpya. Anasema ameamka alfajiri na ubeti wa tatu mdomoni, alikuwa akiimbiwa na marehemu mama yake jikoni, anashangaa aliusahauje, analia anapoandika. Ameweka maneno yote, mistari minne.

Nimeyasoma mara mbili. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba mstari wa tatu amekosea.