Kamera za Karatasi na Mtani wa Kujitakia

Wapo watu ambao riziki yao iko shambani, na wapo ambao yao iko ofisini. Ya Davis ilikuwa kwenye pipa la taka. Mwaka 2002, nyuma ya duka moja la kusafisha picha mjini Mtwara, aliona kamera za karatasi zimetupwa, zile ndogo za picha ishirini na saba, ambazo zikijaa duka hutoa filamu na kutupa ganda. Kando yake kulikuwa na rundo la filamu zilizoungua kwa mwanga, zisizoweza tena kutoa picha. Mwenye duka alimwambia achukue tu, tena akampa na mfuko wa kubebea, maana watu wema hawaulizi wanamsaidia nani.

Davis alikaa gesti siku mbili akirudisha filamu zilizoungua ndani ya maganda, akaziba kwa gundi, akayavika karatasi mpya ya zawadi. Kamera zikawa nzima kwa kila kitu isipokuwa kutoa picha. Flashi iliwaka, kigurudumu kilizunguka, kitufe kililia. Wapo watu wamepewa vyeo kwa sifa chache kuliko hizo.

Alianzia Nachingwea, lakini pale mjini kuna walimu na makarani, na watu wale wanadai risiti. Akasogea hadi kijiji kimoja upande wa Ruangwa, ambako ufuta ulikuwa umeshavunwa na watoto walikuwa wanatoka jandoni Jumamosi. Kutakuwa na ngoma, nguo mpya na pilau, na mpiga picha hakuna. Davis alivuta pumzi kama mtu aliyefika kwao.

Alimweleza mwenyekiti wa kijiji, Mzee Adinani, kwamba siku hizi mpiga picha hahitajiki. Kila nyumba itapewa kamera yake, ijipigie inavyopenda kutwa nzima, jioni irudishe. Yeye atazipeleka kusafishwa Dar es Salaam na picha zitafika baada ya wiki mbili. Malipo ni debe moja tu la ufuta. Alipoulizwa kwao wapi, alijibu bila kukohoa kwamba yeye ni Mngoni wa Songea. Alitaka siku watakapomtafuta, wamtafute mbali.

"Mngoni?" Mzee Adinani aliuliza, na uso wake ukafunguka. "Karibu sana. Karibu mno."

Davis alidhani ni heshima.

Nyumba kumi na tisa zilitoa ufuta. Jumamosi kijiji kizima kiliwaka flashi. Mtendaji wa kata alipigwa picha sita ameshika mpini wa bomba la maji ambalo halijawahi kutoa maji, akisema ni za taarifa ya maendeleo. Mzee Adinani alisimama mbele ya msingi wa darasa na kumwagiza mpigaji asichukue sehemu ya juu, ambako ukuta ungekuwapo kama ungejengwa.

Bibi Mwanabibi hakuwa na haja ya picha sita. Alitaka moja. Dada yake Ashura alikuwa amekuja kutoka Kilimarondo, baada ya miaka kumi na moja, na Alhamisi angerudi na lori la mahindi. Wote wawili walikuwa wamevuka sabini, na tangu wazaliwe hawajawahi kupigwa picha pamoja. Kwa umri ule, mtu akisema tutaonana mwakani anasema kwa adabu tu. Kwa kuwa vidole vyao vilitetemeka, walimwita Davis mwenyewe. Alibonyeza mara tatu, akasema safi sana, akaenda kwenye pilau.

Walipobaki peke yao, Mwanabibi alimgeukia mwenzake.

"Dada, yule hakutuona."

Ashura aliuliza vipi, na mtu alikuwa mbele yao.

"Mpiga picha wa zamani pale Nachingwea alinisumbua nusu saa kwa ajili ya kola ya marehemu mume wangu. Leo nimevaa kanga nje ndani, tumekaa nusu kivulini, na nyuma yetu kuna ungo wa dagaa. Yeye anasema safi. Anayesifia kila kitu hatarajii kukiona tena."

"Basi tumwite mgambo."

"Mgambo atampiga. Tutabaki na mtu aliyevimba, na picha hatuna." Mwanabibi alitabasamu. "Si amesema ni Mngoni?"

Hapo ndipo Davis alipojikwaa. Wamwera, ambao ndio wenyeji wa kijiji kile, na Wangoni walipigana zamani, wakapatana, na tangu hapo ni watani. Mtani anaweza kuchukua mbuzi wako mchana kweupe, nawe unacheka na kumkomboa kwa anachotaka. Hakuna kesi. Mtu aliyejitangaza Mngoni mbele ya mwenyekiti amejifunga mwenyewe, tena kwa furaha.

Jumapili asubuhi, Davis alipotoka kuoga, magunia yake matatu ya ufuta hayakuwapo barazani. Alimkuta Mwanabibi na wanawake wenzake wakimsubiri na bakuli la uji wa moto, ambalo lilikuwa limewekewa sukari ya kutosha.

"Mtani, umeamkaje?" Mwanabibi alimwambia. "Kunywa kwanza. Ufuta tumeuchukua sisi. Utaukomboa kwa picha, kila nyumba moja, na ziwe hapa kabla ya Alhamisi."

Davis alikimbilia kwa mwenyekiti. Alimweleza kwamba, ukitazama kwa undani, yeye si Mngoni hasa.

"Basi wewe ni nani?" Mzee Adinani aliuliza kwa upole. "Na kwa nini ulitudanganya? Na hizo kamera je?"

Mgambo aliyekuwa akisuka kamba pembeni aliacha kusuka. Davis alirudi Ungoni palepale, akataja hata jina la babu yake.

Aliazima baiskeli hadi Nachingwea. Mfanyabiashara Saturnini, aliyehamia kutoka kaskazini, alikuwa na kamera moja ya karatasi ya kweli kabatini. Aliangalia kwanza jasho la mteja, ndipo akataja bei. Davis aliivua saa yake mkononi na kuiongezea kwenye fedha.

Jumatatu alizunguka nyumba zote kumi na tisa akisema filamu za kwanza zimepata joto. Sasa ufuta ulikuwa rehani, kwa hiyo hakuna aliyepona ukaguzi wake. Aliwapangusa watoto pua. Alimtoa mtendaji kwenye bomba na kumkalisha na mke wake, jambo ambalo mke alilishukuru. Kwa kina Mwanabibi alikaa robo saa nzima.

"Bibi, geuza kanga. Nani ameweka ungo hapa? Bibi mkubwa, sogea kwa mwenzio, bado kuna kivuli. Inua kidevu. Hapana, kidogo."

Mwanabibi alimfinya dada yake mkono. "Sasa anatuona," alisema.

Davis akapanda gari kwenda Mtwara, akasafisha picha kwa fedha yake ya mwisho, na Jumatano jioni akarudi na bahasha. Alidai ufuta wake. Mwanabibi alimwambia ukweli bila kelele: ufuta ulirudi kwa wenyewe tangu Jumapili, kabla uji wake haujapoa. Lakini kazi ni kazi, kwa hiyo kila nyumba imetoa kibaba kimoja. Vibaba kumi na tisa havikujaza hata kona ya gunia. Wale wanawake walicheka na kumwita mtani, naye Davis akaufunga ufuta wake katika kifurushi kimoja.

Ashura alikuwa ameipeleka picha karibu na dirisha. Aliitazama muda mrefu.

"Mwanabibi, njoo," alisema. "Tulivyokaa hivi, macho yako na kidevu changu. Mama huyu hapa."

Mama yao alifariki bila kuacha picha hata moja. Wale mabibi wawili waliinamia kipande kile cha karatasi, vichwa vikagusana. Davis angeweza kuondoka wakati huo, maana hakuna aliyekuwa akimlinda. Lakini alibaki mlangoni na kifurushi chake cha ufuta, mwizi pekee katika wilaya mbili aliyekuwa akisubiri kusikia kama kazi yake imependeza.