Siku Amosi Alipokuwa Serikali

Amosi wa Kihonda aliwahi kuwa mchungaji, daktari wa meno na mpwa wa balozi, na kote huko alikula vizuri. Siku aliyopanda milimani Matombo akaona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi uani kwa Mzee Benedikto, aliona cheo kilichobaki ni kimoja tu: kuwa serikali. Kwa akili ya Amosi, serikali haiulizwi.

Kesho yake alirudi na suti, miwani myeusi na pikapu yake mpya, ubavuni kaibandika nembo ya serikali. Akamwamkia mzee kwa adabu, kisha akamweleza kwamba serikali imetwaa karafuu zote kwa manufaa ya umma. Benedikto, mtu asiyependa ugomvi, akakubali kabla maneno hayajaisha. Maskini Amosi hakujua kwamba kwa Waluguru shamba hufuata upande wa mama, na kwamba mzee yule pale ni mkwe tu.

Magunia yalikwisha kupakiwa mwenye shamba aliporudi kutoka kanisani na nduguze. Huyo ndiye Eufrazia, mke wa Benedikto na mjumbe wa baraza la kata. Karafuu zile ndizo zilizokuwa ada ya chuo ya binti yake, na sasa zilikuwa garini. Hata hivyo aliitikia shikamoo ya mgeni, akamuuliza ametumwa na sheria gani.

"Mama, serikali ndiyo sheria," Amosi akasema.

"Hapana, mwanangu. Serikali nayo ina mkubwa wake, anaitwa Katiba. Haichukui mali ya mtu bila sheria wala bila fidia ya haki. Fidia iko wapi?"

Amosi akasema itafuata. Basi, Eufrazia akajibu huku akichomoa ufunguo garini, gari la serikali litaisubiri hapa hapa. Amosi alitaka kusema pikapu ni yake, lakini ndugu za mama walikwisha kuizunguka.

"Kwani si la serikali?" mama akauliza kwa upole. "Kama si la serikali, wewe ni nani?"

Amosi akapiga hesabu. Mwizi akikamatwa hupigwa kwanza, jina huulizwa baadaye. Serikali walau hupewa maji ya kunywa. Akachagua kubaki serikali. Akasaidia kushusha magunia, akaanza kuteremka mlima kwa miguu.

Eufrazia akamsindikiza hadi njia panda. Akamwambia kwamba wakubwa zake wakiona wameonewa wasisite kushtaki, maana mahakama iko wazi kwa kila mtu, hata kwa serikali.